Ziba Ufa Kwanza, Gesi Baadaye

Januari iliyopita, baada ya mkutano wetu wa Ijumaa usiku, wanachama wawili waliingia garini na kuondoka huku dereva akifuta kioo cha mbele kwa skafu. Feni ya ndani ilikuwa imekufa wiki nzima, kwa hiyo hakukuwa na hewa ya moto ya kukausha kioo. Nje baridi ilikuwa chini ya sifuri. Ndani pumzi za watu wawili ziligeuka ukungu, na ukungu ukaanza kuganda. Kwenye makutano ya tatu hawakumwona mtu aliyekuwa akivuka kwa miguu. Breki zilishika kwa bahati. Mtu yule alipiga boneti kofi moja, akaenda zake.

Kesho yake dereva alinisimulia, kisha akasema: "Kaka, najua gari ni bovu. Lakini gereji wameniambia dola 700. Nitazitoa wapi?"

Jumapili tulifungua gari lile pamoja kwenye maegesho ya bweni. Tulishusha kidroo cha dashibodi upande wa abiria, tukachomoa chujio la hewa ya ndani, na nyuma yake tukakuta kiota cha panya: majani makavu, maganda ya mbegu, na vipande vya karatasi ya shashi. Takataka hizo zilikuwa zimeingia mpaka kwenye panga za feni na kuizuia isizunguke. Feni iliyokwama ilivuta umeme mwingi, fyuzi ikaungua kama ilivyoumbwa kufanya. Tulisafisha, tukaizungusha feni kwa kidole mpaka ikawa nyepesi, tukaweka fyuzi mpya ya kipimo kilekile. Fyuzi haikufika hata dola moja. Chujio jipya lilikuwa dola 14.

Naandika haya kwa sababu katika chama chetu kuna kambi mbili, na zote mbili nadhani zimekosea. Kambi ya kwanza husema gari si la kuguswa na mwanafunzi. Kazi ya gari ni ya gereji, na asiye na fedha ajifunike blanketi wakati wa baridi na afungue madirisha wakati wa joto. Kambi ya pili husema kila kitu kinawezekana ukiwa na simu ya kutazamia video, na kiyoyozi kisichopoza kinahitaji tu kopo la gesi kutoka dukani. Maoni yangu ni kwamba mfumo wa hewa wa gari kuukuu una nusu mbili. Nusu moja ni yetu, na ni aibu kuiogopa. Nusu ya pili si yetu, na ni hatari kujifanya tunaijua.

Nianze na nusu iliyo yetu.

Wengi wetu hapa Ohio tunaendesha magari ya miaka 15 mpaka 20. Tumeyanunua kwa fedha za akiba ya majira ya joto, au tumerithishwa na kaka na dada waliomaliza masomo na kurudi nyumbani. Magari haya yana sifa moja nzuri: mifumo yake ya hewa ni rahisi kuelewa. Feni inasukuma hewa. Hewa inapita kwenye chujio, kisha inapita kwenye kirejeta kidogo cha baridi, na kinachohitaji joto kinapita pia kwenye kirejeta kidogo cha moto. Vilango vya plastiki ndani ya dashibodi huamua hewa iende kwenye kioo, usoni au miguuni, na ichanganywe baridi kiasi gani na moto kiasi gani. Katika magari mengine vilango hivyo huvutwa na waya kutoka kwenye kitufe unachozungusha. Katika mengine husukumwa na mota ndogo. Ukisikia dashibodi inagonga tak-tak-tak kila unapowasha gari, mara nyingi ni meno ya gia za mota hiyo ndogo yamevunjika.

Dalili huzungumza, ukijua kuzisikiliza. Mwaka juzi feni ya gari langu ilikuwa inafanya kazi kwenye kasi ya nne tu; ya kwanza mpaka ya tatu, kimya. Nilidhani mota imekufa nusu. Kumbe mota haifi nusu. Katika magari ya aina hii, kasi ndogo zinapatikana kwa kupitisha umeme kwenye kifaa kinachoitwa rezista, kinachoupunguza. Kasi ya juu kabisa hairukii hapo, inakwenda moja kwa moja kwenye mota. Kwa hiyo feni inayokubali kasi ya juu peke yake inakuambia waziwazi: rezista imeungua. Nilinunua rezista kwa dola 24, nikafungua skrubu mbili, nikaibadilisha nikiwa nimelala kichwa chini chini ya dashibodi kama popo. Ilinichukua dakika 40, na nusu ya hizo nilikuwa natafuta skrubu iliyodondoka.

Hita nayo ina lugha yake. Joto la ndani ya gari hutoka kwenye injini: kulanti, yale maji ya rangi ya rejeta, hupita kwenye injini, yakapata moto, kisha sehemu yake ikapita kwenye kirejeta kidogo nyuma ya dashibodi. Hewa ikiwa baridi wakati wa baridi, kwanza tazama kiwango cha kulanti, injini ikiwa imepoa. Kikiwa chini, hewa inaweza kuwa imeingia kwenye mabomba, nawe una uvujaji wa kutafuta. Kikiwa sawa, na mshale wa joto la injini haupandi hata baada ya safari ndefu, mshuku themostati iliyobaki wazi. Mshale ukiwa katikati na mabomba mawili yanayoingia kwenye hita yote ni ya moto, basi maji hayana kosa. Tatizo liko kwenye vilango vya hewa. Bomba moja likiwa la moto na jingine la baridi, maji hayapiti, pengine kirejeta kimeziba. Hakuna uchawi hapo. Ni kufuata njia ya maji kama mtu anayefuata mfereji shambani mpaka aone palipoziba.

Sisemi kwamba nusu hii haina hatari. Kifuniko cha rejeta ya moto hakifunguliwi, hata ukiwa na haraka ya mtihani. Kulanti ya kawaida ni sumu yenye ladha tamu. Ikimwagika, ifute yote, kwa maana paka, mbwa na watoto huilamba. Fyuzi ikiungua, usiweke kubwa zaidi ili "isiungue tena". Kitakachoungua ni waya, na baada ya waya ni gari. Na chini ya dashibodi kuna mifuko ya hewa ya ajali. Nyaya zake kwa kawaida zina viungio vya rangi ya njano. Ondoa waya wa betri, subiri dakika kadhaa, na usichokonoe kisichokuhusu. Anayeweza kutimiza masharti haya anaweza kufanya kazi hii. Haihitaji shahada. Inahitaji bisibisi mbili, seti ya soketi, tochi na subira.

Sasa nije kwenye nusu ya pili, na hapa nakiri dhambi yangu mwenyewe.

Kiangazi kilichopita kiyoyozi changu kilianza kupuliza hewa vuguvugu. Nilikwenda dukani, nikanunua kopo la gesi lenye mpira na kigeji kidogo. Maelekezo yalisema: unganisha, tazama mshale, jaza mpaka uingie kwenye rangi ya kijani. Nilifanya hivyo. Siku tisa nilikaa kwenye baridi kama waziri. Siku ya kumi, vuguvugu. Nikanunua kopo la pili. Wakati wa kulichomoa, gesi ya maji ilinirukia kidoleni. Gesi hiyo, R-134a, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikikugusa ikiwa kimiminika inagandisha ngozi. Kidole kilikuwa cheupe, kisha chekundu, kisha kikatoka lengelenge. Nami, badala ya kujifunza, nikanunua kopo la tatu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Mimi nilikuwa namimina maji kwenye mtungi uliotoboka na kumshangaa mtungi kwa kiu yake. Gesi ya kiyoyozi haiungui kama petroli, wala hailiwi na gari. Huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa: kompresa huikandamiza, kondensa mbele ya rejeta huipoza iwe kimiminika, kisha ndani ya dashibodi huachiwa itanuke na kuchemka, na katika kuchemka huko huvuta joto kutoka kwenye hewa tunayopuliziwa. Halafu inarudi kwenye kompresa kuanza upya. Ni kweli kwamba gari la miaka mingi linaweza kupoteza kidogo kidogo kupitia mipira. Lakini gesi iliyoisha katika siku kumi ina mahali ilipotokea, na mahali hapo panaweza kupatikana.

Kigeji cha kopo nacho kilinidanganya, au tuseme nilikiuliza swali ambalo hakiwezi kulijibu. Kinapima shinikizo la upande mmoja tu, na shinikizo hilo hubadilika kwa joto la siku na kasi ya kompresa. Kiasi cha gesi hujulikana kwa mizani. Gari dogo kama langu hubeba takriban nusu kilo, na kiwango chake halisi kimeandikwa kwenye kibandiko chini ya boneti. Ukizidisha, kiyoyozi hupoza vibaya zaidi na kompresa huumia. Ukijaza mfumo ulioingia hewa na unyevu bila kwanza kuunyonya kwa pampu ya ombwe, unafungia humo maji yatakayokula vyuma kutoka ndani. Tena yapo makopo yenye dawa ya kuziba uvujaji iliyochanganywa na gesi. Dawa hiyo inaweza kuziba njia zisizotakiwa kuzibwa na kuharibu mashine za gereji, na ndiyo maana mafundi wengi wakisikia umeitumia wanakunja uso au wanakataa gari.

Nilipokubali kushindwa, gereji moja ilinitoza dola 120 kupima. Fundi alimulika taa ya zambarau, na rangi iliyotiwa kwenye mfumo ikang'aa chini ya kondensa, mahali palipopigwa na kijiwe cha barabarani. Tundu lenyewe lilikuwa dogo kuliko kichwa cha pini. Makopo yangu matatu yalikuwa yamepita hapo yote.

Yalikwenda wapi? Hapa ndipo jambo linapotuhusu sisi wa chama hiki kwa namna ya pekee. R-134a haiharibu tabaka la ozoni kama ilivyofanya gesi ya zamani, R-12, ambayo Mkataba wa Montreal wa 1987 ulianza kuiondoa duniani. Lakini katika kuzuia joto lisitoke angani, kilo moja ya R-134a ni sawa na takriban kilo 1,430 za kaboni dioksidi kwa kipimo cha miaka 100. Nusu kilo ikivuja ni kama kilo 715. Galoni moja ya petroli hutoa karibu kilo 9. Maana yake, kuruhusu mfumo mmoja wa gari dogo umwage gesi yake yote ni kama kuchoma galoni 80 za petroli, kiasi cha kulifikisha gari langu kutoka Columbus hadi Los Angeles na kubaki na akiba. Kwa ajili ya siku kumi za hewa baridi!

Na makubaliano ya dunia ya kupunguza gesi za jamii hii hayakuandikwa Geneva wala New York. Yalipitishwa Kigali, Oktoba 2016, na yanaitwa Marekebisho ya Kigali. Marekani iliyaridhia mwaka 2022. Mara ngapi katika mikutano yetu tumelalamika kwamba nchi tajiri zinachafua hewa na ukame unawakuta wafugaji na wakulima wetu? Tumelalamika kwa haki. Lakini mtu hawezi kulalamika Ijumaa jioni na Jumamosi asubuhi akalipulizia kopo la tatu gari analojua linavuja. Mji ambamo Kiswahili nacho huzungumzwa umeupa mkataba huo jina lake. Tuwe watu wa kwanza kuuheshimu.

Kuna suala la sheria pia. Sheria ya hapa inamruhusu mtu kununua kopo dogo la R-134a na kulitumia kwenye gari lake mwenyewe. Haimruhusu mtu yeyote, fundi au si fundi, kuiachia gesi hewani kwa makusudi. Kwa hiyo ile video inayokuonyesha kubonyeza vali ili "kutoa ya zamani" inakufundisha kosa. Na anayetengeneza kiyoyozi cha gari la mtu mwingine kwa malipo lazima awe na cheti maalumu na vifaa vilivyoidhinishwa. Malipo kisheria si fedha peke yake. Ni pamoja na bidhaa na huduma. Wanachama wanaojaziana gesi kwa sahani ya pilau, nawaambia kwa upendo: pilau ni malipo. Na walio kwenye viza ya masomo wanajua wenyewe jinsi kazi isiyo na kibali inavyoweza kuwagharimu zaidi ya kiyoyozi.

Najua nitakavyojibiwa. Wa kwanza atasema: "Nyumbani mafundi wa Gerezani na wa Kirinyaga Road hujaza gesi bila mizani wala taa ya zambarau, na magari yanapoa." Nawaheshimu mafundi hao kuliko wengi wanaowataja. Fundi wa jua kali aliyefungua viyoyozi kwa miaka 20 amebeba mizani yake masikioni na viganjani. Anashika bomba na kujua. Mimi na wewe hatuna masikio hayo. Tena fundi mzuri wa kule, ukimpelekea gari lililojazwa mwezi jana, atauliza kwanza linavujia wapi. Tunachokichukua kwa mafundi wetu mara nyingi ni ule ujasiri, na kuiacha ile miaka 20. Huko si kuwaenzi.

Wa pili atasema: "Gereji ni ghali, ndugu. Kopo ni dola 25." Ni kweli ni ghali, na sitaki kumhubiria mtu anayechagua kati ya kiyoyozi na kitabu. Lakini hesabu zangu ni hizi: makopo matatu na kigeji, dola 86, zote zimepotea. Kama ningeanza na kipimo cha dola 120, ningejua siku ya kwanza kwamba ni kondensa. Tena mstari ninaouchora unapita kwenye gesi, haupiti kwenye vyuma. Gereji niliyoipata ilikubali kunyonya gesi iliyobaki kwa mashine. Nikabadilisha kondensa mwenyewe pamoja na kikaushio na pete mpya za mpira, mabomba yakiwa yamezibwa vumbi lisiingie. Nikalirudisha gari wakanyonya hewa kwa pampu na kujaza gesi kwa gramu. Gereji ya kwanza ilikuwa imetaka dola 640 kwa kazi yote. Mimi nililipa 290, na kile kipimo kikiwamo. Si kila gereji itakubali mpango huo, lakini kuuliza si utumwa.

Wa tatu, pengine mwanachama Mmarekani anayejifunza Kiswahili, atauliza haya yanahusu nini na jarida la Kiswahili. Yanahusu hivi: Jumapili ile tulipofungua gari lenye kiota cha panya tulikuwa watano, na wawili walikuwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza wa lugha. Katika saa mbili walijifunza kukaza na kulegeza, kuchomoa na kuchomeka, kuvuja na kuziba, kwa mikono yao. Mmoja alituuliza kwa nini tunasema feni "imekufa" wakati haikuwa hai. Tulibishana kwa furaha mpaka vidole vikafa ganzi. Sijaona somo la vitenzi lililoshika vizuri kuliko lile.

Basi naomba kamati ifanye mambo mawili kabla ya majira ya joto. Kwanza, kutoka kwenye mfuko wa chama, tununue sanduku moja la zana: soketi, bisibisi, testa ya umeme, tochi ya kichwani, miwani na glavu. Zana kubwa zaidi huazimwa kwa amana kwenye maduka mengi ya vipuri, na maktaba nyingi za umma zina miongozo ya magari yetu bila malipo. Pili, Jumapili moja kila mwezi tukutane kwenye maegesho. Tutashughulika na feni, chujio, fyuzi, rezista, vilango, kulanti. Bila malipo, bila pilau ya kulipana. Pilau itakuwa ya wote, mwenye gari na asiye na gari. Gari lenye tatizo la gesi tutalitafutia gereji yenye bei ya haki, na mmoja wetu atamsindikiza mwenzake asikubali kila anachoambiwa.

Dada yule bado anaendesha gari lake. Wiki iliyopita alinipa lifti wakati wa mvua, akawasha feni kwenye kasi ya pili, kioo kikakauka tukiwa bado kwenye maegesho. Hakusema neno. Skafu ilikuwa shingoni, mahali pake.